Nyumba ya Watu Wawili na Deni la Nafaka: Kutoka Madina hadi Kasubi



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu, siku moja baada ya darsa ya Jumamosi, mama mmoja ambaye wanawe wawili nawasomesha alibaki nje ya darasa mpaka watoto wote wakaondoka. Mkononi alishika bahasha. "Ustadh," akaniambia, "nina swali, lakini si la juzuu wala la ada." Ndani ya bahasha mlikuwa na makubaliano ya mauzo ya kibanja, yamegongwa muhuri wa LC, na wanunuzi walioandikwa ni wawili: mumewe na yeye. Walinunua pamoja. Yeye alitoa fedha za cherehani yake, mume akatoa za kazi yake, wakajenga vyumba vitatu na choo. Sasa mume anataka kuuza. Sababu anayoitoa ni kwamba mahakama imemwamuru alipe nafaka ya watoto wawili aliozaa na mke aliyemwacha, shilingi 150,000 kila mwezi, na miezi 32 imepita bila kulipa. Deni limefika milioni 4 na laki 8. Mnunuzi wa nyumba ameshapatikana, naye anatoa milioni 80.

"Nikikataa kutia sahihi," akauliza, "nitakuwa nimewadhulumu wale watoto? Na nikikubali, hawa wangu watalala wapi?"

Nilimjibu yale niliyoyajua papo hapo, kisha nikarudi vitabuni, kwa sababu swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Nimeona niiandike hapa, kwani najua si yeye peke yake mwenye bahasha ya namna hiyo. Mambo machache katika kisa chake nimeyageuza ili asijulikane.

Malalamiko ya Hind

Tuanze Makka na Madina. Hind bint Utba (r.a.), mke wa Abu Sufyan, alimwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kwamba mumewe ni mtu mzito wa kutoa, hampi yeye na watoto wake kinachowatosha isipokuwa kile anachokichukua bila ya mume kujua. Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto wake kwa kadiri ya wema. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na mafakihi wamejenga juu yake mengi.

La kwanza ni kuwa nafaka ya mtoto ni haki iliyomo ndani ya mali ya baba. Si zawadi anayoitoa moyo wake ukimtuma. La pili, kipimo chake ni kutosheleza. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inamwekea baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mtoto wake, na aya ya 7 ya Suratut Talaq inasema mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na aliyebanwa atoe katika alichopewa. La tatu sikulikuta limeandikwa hivi nitakavyolisema, lakini nadhani liko wazi: Hind aliruhusiwa kuchukua katika mali ya Abu Sufyan. Hakuambiwa achukue kwa jirani, wala kwa mke mwingine, wala kwa mshirika wa Abu Sufyan katika biashara.

Ukhalifa ulipomfikia Umar (r.a.), majeshi yalikuwa mbali, huko Sham na Iraq. Imepokewa kwamba aliwaandikia makamanda wake juu ya wanaume waliowaacha wake zao nyuma: ama wapeleke nafaka, ama watoe talaka, na wakitoa talaka wapeleke na nafaka ya siku zilizopita. Imam Shafi'i alikiegemea kisa hiki kusema kwamba nafaka ya mke ni deni, halifutwi na kupita kwa muda.

Lakini hapa pana tofauti ambayo watu wengi hawaijui, hata wanaojiita Mashafi'i tangu kwa babu zao. Nafaka ya mke hugeuka deni ikichelewa. Nafaka ya mtoto, kwa kauli ya madhehebu yetu, haigeuki deni kwa kuchelewa tu. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba ikipita siku, imepita, isipokuwa kama kadhi aliifaradhisha au aliruhusu ikopwe kwa jina la baba. Hoja yao ni kwamba nafaka ya jamaa ni ya kuziba haja. Siku ikishapita, haja ya siku ile imeshazibwa na mtu mwingine, au imepita na njaa yake. Msomaji anaweza kuona hukumu hii ni nzito kwa akina mama, na mimi sitamlaumu. Lakini itazame kwa upande wa pili: ndiyo iliyowafanya wanawake wa zamani wakimbilie kwa kadhi mapema, bila kungoja miaka mitano ipite. Aliyekwenda mapema, mtoto wake alikuwa na deni la kudai. Aliyenyamaza kwa haya, au kwa kuambiwa na mashangazi avumilie, hakuwa nalo.

Katika kisa chetu mahakama imeshaamuru. Kwa hiyo ile milioni 4 na laki 8 ni deni kwa njia zote mbili, ya fiqhi na ya serikali.

Kadhi auze nini kwanza?

Mdaiwa akiwa na mali na hataki kulipa, je, kadhi anaweza kumuuzia? Jamhuri ya wanazuoni wamesema ndiyo, na wanataja kisa cha Muadh bin Jabal (r.a.), mtu mkarimu aliyezamishwa na madeni hadi Mtume (s.a.w.) akamzuilia mali yake na kuiuza ili waliomdai walipwe. Wataalamu wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake, ila hukumu yenyewe imeshikwa na wengi. Minhaj inaongeza sentensi fupi ambayo mama yule alistahili kuisikia: kile kinachouzwa kwa ajili ya deni, kinauzwa pia kwa ajili ya nafaka ya jamaa. Mtoto anasimama katika safu moja na mfanyabiashara aliyemkopesha baba yake.

Sasa tazama utaratibu wao. Kadhi haanzi na nyumba. Anaanza na kinachoogopewa kuharibika, kisha wanyama, kisha vitu vinavyohamishika, na mwisho kabisa ndiyo ardhi na majengo. Na hata hapo wametofautiana. Mashafi'i wengi wanasema nyumba ya mdaiwa inauzwa hata kama anaishi ndani yake, maana anaweza kupanga. Mahanbali wanasema nyumba asiyoweza kuikosa haiuzwi.

Nikamuuliza yule mama, "Mumeo ana kitu gani kingine?" Akanijibu kwamba ana pikipiki mbili za boda boda, moja anaiendesha mwenyewe kwenye stendi ya njia ya Hoima, nyingine amemkodisha kijana.

Niliiandika hiyo pembeni ya daftari.

Fungu la mshirika

Kuna jambo la pili, nalo ni la ushirika. Vitabu vyetu vinaita mali isiyogawanywa kati ya watu wawili mushaa. Kila mmoja ana fungu lake katika kila tofali. Mshirika ana haki ya kuuza fungu lake. Hana haki ya kuuza la mwenzake bila idhini, na akiuza yote mawili kwa mkataba mmoja, kauli yenye nguvu kwa Mashafi'i ni kwamba mauzo yanasihi katika lake na yanabatilika katika la mwenziwe. Kisha ipo shufaa. Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliihukumu katika kila kisichogawanywa: mshirika mmoja akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika aliyebaki ana haki ya kulichukua yeye kwa bei ile ile. Mke ni mshirika kama mshirika mwingine yeyote. Ndoa haimpunguzii haki hiyo.

Wala ndoa haimwongezei. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Katika Uislamu ndoa haiunganishi mifuko. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa inawapa wanaume fungu la walichochuma, na wanawake fungu la walichochuma. Mke wa Kiislamu aliweza kumiliki shamba, kuuza na kushitaki kwa jina lake tangu zama za Mtume (s.a.w.), wakati ambapo Uingereza mwanamke aliyeolewa hakupata haki kamili ya namna hiyo mpaka sheria ya mwaka 1882. Hilo tunalisema sana kwenye mihadhara, na ni kweli. Tusilolisema ni kwamba mifuko ikiwa mbali na jasho likachanganyika, mwenye karatasi ndiye anayeshinda. Wanazuoni wa Kimaliki wa Morocco waliliona hili mapema. Katika milima ya Ghomara, karne ya 16, Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba mwanamke anayelima na kuvuna pamoja na mumewe ana fungu katika mavuno kwa kazi yake, ndoa ikivunjika au mume akifa. Watu wa huko wanaiita haki ya kadd na siaya, yaani haki ya jasho na juhudi. Morocco ilipoandika upya sheria yake ya familia mwaka 2004, kifungu cha 49 kiliwaruhusu wanandoa kuandikiana mkataba juu ya mali watakayoichuma pamoja, na pasipo mkataba mahakama iangalie kazi na juhudi za kila mmoja.

Ardhi ilivyopata bei Buganda

Uislamu ulifika katika ikulu ya Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suuna II, kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Mwanawe, Muteesa I, alifunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867 na kuwaamuru watu wake wafunge, kisha mwaka 1876 akawaua Waislamu waliokataa kula nyama aliyoichinja asiyetahiriwa na kuswali nyuma ya imamu wa namna hiyo. Kabaka huyo amelala hapa petu, juu ya kilima cha Kasubi, katika kasri alilolijenga mwaka 1882 na ambalo liligeuka kaburi lake mwaka 1884. Kila mtoto wa madrasa yetu amewahi kupita pale. Wakubwa kidogo wanaukumbuka moto wa tarehe 16 Machi 2010.

Enzi za Muteesa swali la yule mama lisingeweza kuulizwa. Ardhi haikuwa na bei. Ilikuwa ya Kabaka na ya koo, mtu alipewa mahali pa kukaa kwa sababu ya kumtumikia mkuu fulani, na akiondoka kwa mkuu yule aliondoka na mahali pale. Mke alilima migomba ya mumewe.

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza ndio uliobadilisha kila kitu. Ardhi ilipimwa kwa maili za mraba, na neno mailo likaingia katika Kiganda. Wakuu wapatao 1,000 waligawiwa maili za mraba 8,000. Waislamu walipata kidogo kwa kuwa walishindwa katika vita vya dini vya miaka iliyotangulia: Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Muteesa I, alipewa maili 24, zake yeye na wafuasi wake. Wanawake katika orodha ile ni wachache mno, nao ni wa nyumba ya kifalme. Kwa mara ya kwanza mwanamume wa Kiganda alikuwa na karatasi yenye jina lake, na kwa karatasi ile aliweza kuuza ardhi ambayo mkewe alikuwa ameilima miaka 20. Aliyekaa juu ya ardhi ya mwenye mailo akawa mtu wa kibanja, na sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 ikamlinda asifukuzwe ovyo wala asitozwe kupita kiasi. Ilimlinda mwenye kibanja dhidi ya mwenye ardhi. Mke wa mwenye kibanja dhidi ya mumewe, haikumfikiria.

Waingereza walitutungia na sisi sheria yetu mwaka 1906, ile ya Ndoa na Talaka za Wamuhammadi, kama walivyopenda kutuita. Iliwahusu zaidi waandikishaji wa ndoa na talaka. Juu ya nyumba iliyojengwa na watu wawili hakuna la maana ndani yake. Pale mahakimu wa kikoloni wa Afrika Mashariki walipotaka kujua Waislamu wanasema nini, walifungua Minhaj ya Nawawi kwa Kiingereza, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1914 na ambayo yenyewe ilitolewa katika tafsiri ya Kifaransa. Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, kisha hukumu kwa mama wa Kiganda.

Miaka sita ambayo watoto walikuwa na sauti

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na W. W. Kalema iliangalia ndoa, talaka na hali ya wanawake, ikatoa ripoti yake mwaka 1965. Mengi ya iliyoyapendekeza yalilala. Mwaka 1975 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi yote ni ya umma, na Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha kwa wananchi, mailo ikiwemo. Katiba hiyo, kifungu cha 31, inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, na inawabebesha wazazi wote wawili wajibu wa kulea watoto wao. Kifungu cha 129 kinataja mahakama za makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kwa kadiri Bunge litakavyopanga. Mwaka 1996 ikaja sheria ya watoto, inayomruhusu mama, baba, mlezi, au hata mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumsimamia, kuomba amri ya matunzo kabla mtoto hajafika miaka 18. Ndiyo iliyomkamata mume wa yule mama.

Kisha mwaka 1998, Sheria ya Ardhi. Wabunge wanawake, Miria Matembe akiwa mbele, walipigania kifungu cha kuwafanya mume na mke wamiliki pamoja ardhi ya familia. Kilijadiliwa na kupitishwa Bungeni, na sheria ilipochapishwa hakikuonekana. Mpaka leo Uganda wanakiita kifungu kilichopotea.

Kilichobaki ni kifungu cha ridhaa, na hicho ndicho ninachotaka ndugu zangu wakitazame vizuri. Kama kilivyoandikwa mwaka 1998, mtu hakuweza kuuza ardhi ambayo familia yake inaishi na kujipatia riziki juu yake bila ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake. Wala hakuweza kuuza bila ridhaa ya watoto wake watu wazima wanaomtegemea kama wanaishi hapo. Na kama watoto ni wadogo, ilibidi apate ridhaa ya kamati ya ardhi ya eneo, ambayo ilisimama badala yao. Yaani kwa muda, hapa Uganda, mtoto wa miaka saba alikuwa na mtu wa kuulizwa kabla paa lake halijauzwa.

Mabenki yalilalamika kwamba mikopo imekuwa migumu. Wanunuzi walisema hawajui ni watoto wangapi watajitokeza. Mwaka 2004 sheria ikarekebishwa. Mwenzi aliimarishwa: akapewa usalama wa kukaa katika ardhi ya familia, na haki ya kuweka zuio katika ofisi ya hati ili ijulikane kwamba ardhi ile haiuzwi bila ridhaa yake, na zuio hilo halifi maadamu haki yake ipo. Watoto wakaondolewa. Naelewa hoja ya mabenki, lakini naona kilichopotea mwaka 2004 kilikuwa kikubwa kuliko kile kifungu mashuhuri cha mwaka 1998, na hakuna aliyekipigia kelele.

Sisi Waislamu wa Uganda kelele tulizipiga, lakini kwa jambo jingine. Mwezi Machi 2005 mamia ya wanawake wa Kiislamu waliandamana mjini Kampala kuupinga muswada wa mahusiano ya nyumbani wa mwaka 2003. Magazeti yaliwaonyesha kama watu wanaoandamana dhidi ya haki zao wenyewe. Haikuwa hivyo tu. Wengine walichukia mlango wa ndoa ya mitala kubanwa na sheria isiyokuwa ya Kiislamu. Wengine, na nimezungumza nao, walikuwa akina mama wenye maduka ambao hawakutaka mali yao ichanganywe na ya waume zao kwa nguvu ya sheria. Hoja yao ilikuwa na msingi katika ile aya ya Suratun Nisaa. Ila tulipoukataa muswada hatukuleta chetu cha kuwalinda akina mama wasio na duka wala karatasi. Mahakama za makadhi zilizotajwa katika Katiba bado zilikuwa zinangoja sheria ya Bunge. Tulibaki na kifungu cha ridhaa.

Majirani

Tanzania walilifikia swali hili kupitia kesi ya Waislamu. Mwaka 1983, Jaji Mkuu Francis Nyalali wa Mahakama ya Rufani aliamua, katika kesi ya mama mmoja wa Dar es Salaam aliyeachwa, kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wanaharakati wanaitaja kesi hii kila mwaka. Wanachokisahau ni kwamba mama mwenyewe hakupata nyumba, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe afanyie biashara zilitosha kuwa fungu lake, naye alizitapanya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akarudi mikono mitupu. Kenya, sheria ya mwaka 2013 ya mali ya wanandoa inakataza kuuza mali hiyo bila ridhaa ya wote wawili, huku ikimruhusu Mwislamu kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu. Na hapa Uganda, Machi 2013, Mahakama ya Juu katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Esther Kisaakye ilisema kwamba ndoa peke yake haifanyi mali yote kuwa ya pamoja. Aangaliwe aliyechangia, kwa fedha au kwa njia nyingine. Ukiisoma hukumu ile ukiwa umetoka kusoma fiqhi, utashangaa jinsi zinavyokaribiana.

Tulipofika na yule mama

Nilimwita tena pamoja na mumewe na shemeji yake mkubwa, mtu mwenye busara anayeuza mbao Nakulabye. Nilimweleza mume kwanza, kwa sababu yeye ndiye mdaiwa. Nilimwambia kwamba deni lile ni lake na ni la kweli. Watoto wa mke aliyeachwa hawakutalikiwa, ni wake leo kama walivyokuwa siku aliyowasomea adhana. Halafu nikamfanyia hesabu ubaoni. Nyumba ikiuzwa milioni 80 na mafungu yakiwa sawa, milioni 40 ni za mkewe. Haziguswi na deni asilolifanya yeye. Katika 40 za mume, akilipa milioni 4 na laki 8, zinabaki milioni 35 na laki 2. "Hizo za nini?" nikamuuliza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema alifikiria kununua gari la abiria.

Basi nafaka ilikuwa imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Watoto wawili wanadai chini ya milioni 5, na kwa jina lao watoto wengine wangetolewa katika nyumba ya milioni 80.

Nilimgeukia mama pia, kwa sababu sikutaka aondoke akidhani ameshinda. Sheria inasema ridhaa isizuiliwe pasipo sababu ya maana, na mahakama inaweza kuingilia ikizuiliwa hivyo. Kama mumewe asingekuwa na kitu kingine chochote duniani isipokuwa fungu lake katika nyumba ile, asingeweza kukaa juu yake huku watoto wa mwenzake wanafukuzwa shule kwa ada. Hapo njia ingekuwa yeye kutumia shufaa, akalinunua fungu la mume kidogo kidogo na fedha ziende moja kwa moja kwa mama wa wale watoto. Hilo hakulipenda. Niliona usoni mwake.

Kisha nikamweleza jambo la karatasi. Zuio linawekwa kwenye hati, na kibanja chao hakina hati, hati ni ya mwenye mailo. Kwa hiyo aandike barua kwa mwenye ardhi na nakala kwa mwenyekiti wa LC, akiambatanisha yale makubaliano yenye majina mawili, aseme kwamba haijatolewa ridhaa yoyote. Mwenye ardhi naye lazima aulizwe kabla kibanja hakijahamishwa, na sheria inampa nafasi ya kwanza ya kukinunua. Shemeji mtu alicheka, akasema, "Kumbe Wazungu wana shufaa yao!" Makubaliano halisi yasikae tena chini ya godoro. Nakala moja iko kwangu, moja iko kwa kaka yake.

Tulirudi kwenye ule utaratibu wa Nawawi, vinavyohamishika kabla ya ardhi. Mume alibishana sana juu ya pikipiki. Alisema ndizo riziki yake, na kwa ile anayoiendesha mwenyewe alikuwa na haki, kwani fedha za kila siku za nafaka zitatoka hapo hapo. Ile ya kukodisha ilikuwa jambo jingine. Ilikubaliwa iuzwe, fedha zilipwe mahakamani na risiti ichukuliwe, na kilichosalia cha deni aombe kulipa kwa mafungu pamoja na ile 150,000 ya mwezi.

Pikipiki imeuzwa milioni 3 na laki 1. Imebaki milioni 1 na laki 7. Nyumba haijauzwa, na mnunuzi ameacha kupiga simu.

Wallahu a'lam.